Pasipoti Isiyo na Muhuri

Jumanne, 9 Mei

Miezi minne haitoshi. Nimeambiwa leo Mbeya, na dada wa ofisi ya tiketi, huku akinirudishia pasipoti yangu kwa vidole viwili.

"Lakini haijaisha," nikamwambia.

"Haijaisha, mama. Ila huko ng'ambo wanataka iwe imebakiza miezi sita."

"Kwani nahamia? Nakwenda kumuoza mwanangu, wiki tatu tu narudi."

Akasema pole. Pasipoti mpya hadi itoke Dar ni wiki kadhaa, na harusi ya Ambakisye ni mwisho wa mwezi huu. Basi, sitakuwepo.

Kinachoniudhi si yule dada. Hii pasipoti niliikata mwaka ule Ambakisye alipokwenda kusoma, nikaifunga kwenye nailoni, nikaiweka sandukuni chini ya vitenge. Kwenye misiba yote ya ndugu zetu wa Karonga nimevuka mpaka kwa kibali cha karatasi, kwa sababu sikutaka watu wa mpakani waichafue kwa mihuri. Nilidhani kitu kisichotumika hakizeeki.

Kesho nitampigia Ambakisye kutoka posta. Sijui nitaanzia wapi, labda nianze na...

Niliishia hapo, maana majirani wamekuja jioni hii kuniambia mama mdogo wa Karonga amefariki. Nimeshafunga mchele na vitenge viwili vya kulalia matangani.

Safari hii naibeba pasipoti. Pale mpakani Kasumulu nitawaambia waigonge muhuri, tena katikati kabisa ya ukurasa.