Kibali cha Baridi ya Mwanakombo

Msambweni

Kwa mama yangu mzazi, huko Faza,

Shikamoo, Mama. Kabla ya lolote nakuulizia magoti yako, na kifua cha Baba. Sisi tu hai, alhamdulillahi, ila kuna jambo nimekuficha kwenye simu kwa sababu Mwanakombo huwa ubavuni mwangu akisikiliza. Leo naliandika.

Unakumbuka alivyotwambia daktari, kwamba mjukuu wako kazaliwa hatoki jasho, na joto likizidi mwili wake hauna pa kulitolea. Miaka sita nimemlea kwa kanga mbichi na beseni la maji. Mwaka huu hoteli moja ya Diani ilipobadilisha vyombo vyake, mume wangu Bakari akanunua kiyoyozi kikuukuu, fundi wa stima akakifunga chumbani. Mama, siku ile mtoto alicheza adhuhuri! Alicheza hadi akachoka, kama watoto wa watu.

Wiki ya tatu wakaja maafisa wawili wa ofisi ya vibali. Mmoja akauliza, "Kibali cha mtambo huu kiko wapi?"

Nikamletea barua ya daktari. Akaisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Hii si kibali, mama."

"Sasa mtoto nimweke wapi?"

"Leteni ramani ya nyumba iliyopitishwa, na hati ya shamba. Sheria haichagui mtu."

Ramani! Nyumba hii marehemu mkwe wangu aliipima kwa hatua za miguu yake. Wakakata waya, wakabandika karatasi nyekundu. Na pale pale waliposimama, viyoyozi vya jumba la jirani vilikuwa vikinguruma. Mwenyewe ni tajiri anayekuja mwezi mmoja tu kwa mwaka. Vinapoza vitanda vitupu, lakini vina kibali.

Bakari alikwenda ofisini mara nne. Mara ya nne akaambiwa shamba liko kwa jina la baba yake, basi fomu itiwe sahihi na baba yake.

"Mzee yuko kaburini," Bakari akasema.

"Basi anzeni na mirathi," karani akamjibu, akaita mwingine.

Siku hiyo hiyo, kabla Bakari hajarudi, Mwanakombo alishikwa na degedege. Nilimmwagia maji hadi pipa likaisha. Mlinzi wa lile jumba, Mzee Kalume, alisikia ukelele wangu akaruka ukuta. Alimbeba mtoto akamwingiza katika chumba cha tajiri, kwenye baridi, mpaka likapatikana gari la kutupeleka hospitali. Madaktari walijitahidi, Mungu awalipe. Roho imebaki, Mama, lakini mguu wa kushoto anauburura na maneno mengi hayamtoki. Na Mzee Kalume amefukuzwa kazi kwa kuingiza watu wasiohusika.

Tuliporudi nyumbani niliichana ile karatasi nyekundu kwa mikono yangu.

"Zuhura, watatushtaki," Bakari akaniambia.

"Waje. Watanikuta mlangoni."

Akatoka kwenda kumwita fundi aunge waya. Kiyoyozi kinanguruma ninapokuandikia, na mtoto amelala. Jana yule afisa aliyeuliza kibali alipita na pikipiki, akapunguza mwendo, akaniona nimekaa kizingitini. Hakushuka. Sijui atarudi na nani.

Kwa hiyo Maulidi haya usitutazamie. Safari ya kuja huko ni ndefu, na jua la njiani siwezi kumwonyesha tena.

Nisalimie dada yangu mkubwa na mikate yake, na shangazi aliyenipamba hina siku ya harusi. Mwambie bado namkumbuka. Nisalimie na kaka Athumani. Wanafunzi wake wa chuo cha Kurani wamsomee Mwanakombo dua, wamtaje kwa jina. Mimi wasiniombee subira, Mama. Nilikuwa nayo, na ndiyo iliyomlemaza mwanangu.

Ni mimi binti yako,
Zuhura