Katambuga Mlangoni pa Mama Revathi

Chennai, 4 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na hizi mvua? Mimi nimefika salama, nakula, nalala. Kwa kuwa sikio lako na simu havipikiki chungu kimoja, nitaandika kama tulivyokubaliana. Nawe ukijibu, mpe Bushra daftari pale dukani kwake kwenye fotokopi, alipige picha anitumie.

Sikai hotelini. Nimepanga juu ya nyumba ya mwenyeji, niliipata kwenye simu. Anaitwa Mama Revathi, mjane wa makamo, yeye anaishi chini. Juu kuna vyumba viwili, jiko, na kibaraza kinachotazama mwarobaini. Alinipokea mwenyewe getini, akanipa maji ya kunywa kabla hajaniuliza jina, nikasema moyoni, kumbe hata huku kuna Wasukuma! Viatu vinabaki nje. Kila alfajiri anachora maua mlangoni kwa unga wa mchele, kwa vidole tu, na hakosei. Picha hiyo hapo, uone.

Mafunzo ya mashine za darizi yanaanza Jumatatu. Wiki sita si nyingi, mama. Usiwaze.

Mwanao,
Dorcas

*

Mabatini, 8 Februari 2025

Mwanangu Dorcas,

Marahaba. Goti lipo, linauma likitaka. Ngosha jirani anakusalimu, kuku wake wamemaliza mchicha wangu. Namshukuru Mungu umefika. Sasa tuongee.

Huyo mwanamke ananitia shaka. Hakujui, hajui ukoo wako, anakukabidhi ufunguo? Na vyumba viwili vya nini kwa mtu mmoja? Halafu huo unga. Wewe umezaliwa huku huku, unaona unga umechorwa mlangoni kabla ya jua, unaniambia ni maua! Nani anamwaga chakula chini bure? Usiukanyage. Pita pembeni, na ukirudi unawe miguu.

Picha nimeikuza, Bushra amenionyesha namna ya kuivuta kwa vidole. Viatu vyako nimeviona. Pembeni yake kuna katambuga. Za tairi, za kiume, ya kushoto imelika kisigino upande wa nje. Wahindi wanavaa katambuga? Bushra, ambaye babu yake alitoka huko huko India, amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Mimi ni mjane. Nimekulea peke yangu tangu una miaka minane, kwa kupika hospitalini kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Sikukulea ukafichwe na mwanaume ng'ambo. Kama yupo, sema. Za nani hizo?

Mama yako

*

Chennai, 11 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Pole na mchicha, mwambie Ngosha akulipe yai. Mama jamani, hofu nyingine unajitafutia mwenyewe. Katambuga ni za mlinzi wa geti, aliachiwa na mgeni mmoja Mkenya aliyepanga hapa zamani. Vyumba ni viwili kwa sababu nyumba ndivyo ilivyojengwa. Na unga ni desturi yao tu.

Mama Revathi ni mtu mwema. Amenifundisha kupika: viazi namenya, nakata vidogo, naloweka, nachemsha, namwaga maji, nachemsha tena. Chumvi hatutii kabisa. Nakumbuka mchuzi wako wa sato mpaka natamani kulia juu ya sahani. Nakutumia na picha ya jiko uone lilivyo safi.

Mafunzo yanaendelea vizuri.

Mwanao,
Dorcas

*

Mabatini, 13 Februari 2025

Dorcas,

Marahaba. Leo sina salamu ndefu.

Nimepika hospitalini miaka ishirini na miwili. Sufuria la kwanza lilikuwa la wagonjwa wa kawaida, la pili la wenye sukari. La tatu, dogo, lilikuwa la wenye figo. Viazi vya kuchemsha mara mbili, maji yamwagwe, chumvi isiguse. Hakuna mtu mzima anayekula hivyo kwa kupenda, awe Mhindi awe Msukuma. Bushra anasema kwao achari haikosi mezani, na achari ni chumvi tupu. Na kwenye picha yako ya jiko, pale dirishani, kuna chupa ya maji imepigwa mistari kwa kalamu. Hayo ni maji ya kupimiwa. Kuna mtu hapo amekatazwa kunywa akamaliza kiu.

Kwanza nilidhani ni wewe. Nililia mpaka uji ukaungua. Halafu nikazikumbuka zile katambuga. Mtu anayeburuza mguu wa kushoto, kisigino chake kinalika upande wa nje. Mguu ule naujua, Dorcas, ingawa sikutegemea kuuona tena juu ya ardhi.

Nani yuko chumba cha pili? Njia ya mwongo ni fupi. Nijibu.

Mama

*

Mabatini, 20 Februari 2025

Dorcas,

Hujambo? Siku saba. Bushra anasema umesoma, zile alama zimegeuka bluu. Kwa hiyo macho unayo, vidole ndivyo vimekufa? Haya, basi niambie jambo moja tu. Wewe mwenyewe ni mzima?

Mama

*

Chennai, 22 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Wamenipima kila kitu, na kwa sababu ni mzima ndiyo maana nipo hapa.

Chumba cha pili yupo baba.

Uliniambia alifukiwa na kifusi mgodini Geita. Tukafanya matanga bila mwili, nikavaa gauni jeusi la kuazima. Kila fomu ya shule, kwenye jina la baba, uliandika marehemu. Mwaka jana mwezi wa nane aliingia pale ninaposhonea, Nyamagana, na suruali mbili za kupunguza kiuno kwa sababu amekonda. Nikamuuliza jina niandike kwenye karatasi. Akasema Venant Paulo. Kisha akanitazama usoni, akanitambua. Mimi nikaendelea kumpima kiuno, mama, maana sikujua kitu kingine cha kufanya.

Alikwenda na mwanamke mwingine, hakuficha. Walipoachana aliona aibu kurudi, na aliposikia kwamba ameshafanyiwa matanga, aibu ikazidi. Sijui kama nimemsamehe. Ninachojua ni kwamba figo zake zote mbili zimekufa, na moja yangu inamfaa. Mafunzo ya darizi hayapo. Nilikudanganya kwa sababu na wewe ulinidanganya, nikadhani tutakuwa tumelipana. Wapi! Nimeumia tu.

Hakuniomba. Nilimwambia tunakuja kutafuta dawa, akajua ukweli tukiwa tayari tumeshafika hapa. Tangu hapo kila siku ananiuliza, "Mama yako anajua?" Nikisema bado, hali chakula.

Na unga ule usiuogope. Mama Revathi amepokea wagonjwa na ndugu zao miaka kumi na moja. Anasema unga ni wa sisimizi na ndege, nyumba ianze kwa kuwalisha wadogo ndipo imkaribishe mgeni. Juzi naye aliniuliza mama yako amesemaje, nikajifanya kuosha sufuria.

Sasa nakuomba. Kamati ya hospitali haitanikubali, binti nisiye na mume, bila barua ya mama yangu. Iwe na muhuri wa mtaa, na iseme mgonjwa ni nani kwangu. Wanakaa tarehe 12 Machi. Ukikataa tutarudi, na yeye atakuwa anarudi kufa.

Mwanao,
Dorcas

*

Chennai, 4 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Alama za bluu na mimi nimeziona. Siku kumi leo. Baba amefunga begi, anasema mama yako amekwisha jibu, kunyamaza kwake ndilo jibu. Nimemficha pasi yake ya kusafiria kwenye pipa la mchele la Mama Revathi. Tusi lolote ulilo nalo niandikie, lakini usininyamazie.

Mwanao

*

Mabatini, 6 Machi 2025

Mwanangu Dorcas,

Marahaba. Nipo. Goti linauma, na leo halijashinda moyo.

Siku nne nilikuwa na hasira. Nilisema, yule mtu alikula ujana wangu, sasa anataka na figo ya mwanangu? Siku ya tano nikaogopa. Wakikupasua usipoamka, nitabaki na nani humu ndani? Hofu hiyo bado ninayo, sitakudanganya tena.

Unataka kujua kwa nini nilimuua. Mwanamke aliyeachwa anachekwa, mjane analetewa unga. Ni hivyo tu. Wanawake wa jumuiya walileta madebe mawili, tukala wewe na mimi mpaka mvua za vuli. Nikiwa nimeshakula unga wao, ningemfufuaje?

Jana Jumatano nilikwenda ofisi ya mtaa. Mtendaji ni Pius, yule yule aliyeongoza sala kwenye matanga. Akasoma barua, akavua miwani, akasema kwa sauti, "Mama Dorcas, Venant si tulimlilia?" Nikamwambia mlimlilia, asanteni, sasa gonga muhuri. Foleni nzima ikasikia. Nafika nyumbani, mtaa wote unajua. Ngosha akapaza sauti kutoka uani kwake, "Shemeji, hongera kwa ufufuko!" Nikamtupia kandambili. Nimetembea na mguu mmoja mtupu mpaka mlangoni, nikacheka, halafu nikalia sana.

Asubuhi hii nimemwaga unga kiganja kimoja hapa mlangoni. Maua siyawezi. Kuku wa Ngosha wameumaliza kabla sisimizi hawajaamka. Mwambie mwenye nyumba wako nilimshuku bure, anisamehe. Siku ya kisu akae karibu na wewe, ashike nafasi yangu.

Mwambie na baba yako: simsamehi. Lakini ale. Viazi uloweke saa mbili kabla ya kuchemsha, huwa una haraka wewe, na maji yake asionje. Begi alifungue.

Barua ya kamati ni hii hapa chini. Bushra ameipiga picha huku anafuta machozi, na nimemkataza kuisimulia, ingawa haina maana tena.

Mama

*

Mabatini, Mwanza, 5 Machi 2025

Kwa Kamati ya Hospitali,

Mimi Hellen Mayala ni mama mzazi wa Dorcas Venant. Binti yangu ana akili timamu. Hajalazimishwa na mtu, nami niliyemlea nathibitisha kwamba halazimishiki.

Namruhusu ampe figo yake moja Venant Paulo, ambaye ni baba yake mzazi na mume wangu wa ndoa. Kama mna karatasi yoyote inayosema kwamba Venant Paulo ni marehemu, niliiandika mimi, na nilidanganya. Yuko hai. Naomba abaki hivyo.

Hellen Mayala
(Muhuri wa mtaa)