Kosa Ulilolibandika Ubaoni

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu tukusindikize, na mpaka leo hatujamaliza kukushangaa.

Uliwafundisha waandishi wa habari kuandika juu ya maji, zahanati, shule na barabara. Walimu wengine huanza kwa kutaja vyeti vyao. Wewe ulianza kwa kubandika ubaoni habari uliyoiandika ukiwa kijana, kwamba kijiji kimoja kimepata maji. Uliyaona kwa macho yako yakitoka bombani siku ya uzinduzi. Hukujua kwamba tangi lilijazwa na lori asubuhi ile. Kesho yake bomba likakauka, wafadhili wakaiamini habari yako na kufunga faili la mradi, na akina mama wakaendelea kutembea saa mbili na ndoo kichwani.

Sisi wanao tulikuwa tunaona aibu. Kitindamimba wako akakuambia siku moja, "Mama, si utoe mfano wa mtu mwingine? Unajianika mbele ya watoto wa watu."

"Wa mtu mwingine wa nini, na huu ninao?" ukamjibu, ukaendelea kumenya viazi.

Kila darasa ulilipeleka kijijini hapo. Hakuna aliyegusa kamera kabla hajachota maji na wenyeji, na Baba alizoea kukutania kwamba wanafunzi wako wanahitimu na shingo zinawauma. Kwa miaka kumi na mmoja waliandika habari za bomba lile kavu, na hukuwaruhusu wachoke.

Kisha, ukiwa kitandani hujiwezi, mwanafunzi wako mmoja akapiga simu kutoka huko. "Mwalimu, maji yanatoka." Tukashangilia nyumba nzima. Wewe ukauliza kwa sauti ya chini, "Leo siku ya ngapi?"

"Ya kwanza, Mwalimu."

"Basi usiandike. Kaa hapo mwezi mzima."

Ulituacha siku ya tisa. Ungeweza kuondoka na habari njema uliyoisubiri miaka yote hiyo, ukakataa kuipokea kabla hujajua kama ni kweli. Moyo huo uliutoa wapi, Mama?

Habari ilitoka gazetini mwezi ulipotimia. Hata hivyo, wiki iliyopita tulikwenda wenyewe. Yanatoka, Mama. Tumeyanywa.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, mdogo wako mshonaji, wajukuu zako, na waandishi wote wanaokuita Mwalimu. Siku zote tutakukumbuka.