Muhuri wa Arbab Hazim

9 Februari 2025

Mwanangu Zayd,

Natumai barua hii itakukuta mzima na umeshakula. Mimi sijambo, isipokuwa meno ya mbele, nayo hayaniumi tena kwa kuwa hayapo.

Sikiliza. Jimbo letu huku Marekani lina nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo. Zamani walipewa wenye watoto wadogo tu. Mwaka huu wameipanua, hata sisi tunaokaa peke yetu tumo. Nimefua mashuka ya hospitali mwaka mzima, sasa watanirudishia kitu. Daktari wa meno kasema pesa hizo zitatosha meno ya bandia. Nimechoka kucheka nimeziba mdomo kama bi harusi. Wewe ndiye msomi wetu. Nijazie fomu.

Shangazi yako,
Kuruthum

Bur Dubai, 2 Machi 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, sijui presha yako. Samahani kwa kuchelewa. Maelezo nimeyasoma mara tano kwa hofu. Hapa mshahara haukatwi kodi, na serikali ikiniandikia huwa ni faini. Una hakika hawakutegi?

Nimejaza kwa uangalifu. Penye watoto unaoishi nao nimeandika hakuna. Najua ulitaka niandike mimi na dada yangu Ashwaq kwa kuwa umetulea, lakini mimi nina miaka ishirini na sita na niko Dubai.

Halafu nikaona fomu haina mahali pa muhuri. Shangazi, hapa karatasi isiyo na muhuri hata mlinzi wa mlangoni haipokei. Arbab wangu, yaani tajiri wangu, Hazim, alipokwenda kuswali, nikaipiga muhuri wa duka lake la vitambaa, wa buluu, pembeni, umekaa vizuri sana. Usimwambie mtu.

Mwanao,
Zayd

20 Aprili 2025

Zayd,

Mzima wewe? Mimi presha imepanda. Watu wa kodi wameniuliza: hii kampuni ya vitambaa ya Dubai ni yako? Kama ni yangu, nafuu sipati. Mimi, mwenye kanga nne! Nimempigia bibi wa ofisini, Mirriam, nikamwambia ni ujinga wa mtoto. Anataka barua ya mwenye muhuri ndani ya siku thelathini. Nenda kamwambie huyo tajiri wako.

Shangazi yako, bado kibogoyo

Bur Dubai, 17 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hali yangu nitakueleza mwisho.

Kwa siku ishirini na sita nilifika mlangoni kwa arbab, nikamwuliza kama anataka chai. Amekunywa chai nyingi sana. Jana akasema, "Zayd, umeniibia nini?"

Nikamwambia yote.

"Bila ruhusa yangu?"

"Ndiyo, arbab."

"Muhuri wangu umefika Amerika kabla yangu?"

"Ndiyo, arbab."

Akafikiri. "Na huyo shangazi, hana meno kweli?"

"Manne ya mbele, arbab."

"Khalas. Andika."

Barua naambatanisha. Inasema huna hisa dukani, wala hujawahi kununua hata mita moja. Ameipiga muhuri mara tatu, sikuthubutu kumzuia. Sasa muhuri anakwenda nao msikitini. Kazi ninayo bado. Ndiyo hali yangu.

Mwanao,
Zayd

6 Julai 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi, nakuandikia nacheka. Pesa zimeingia! Meno nimetiwa Alhamisi, na nacheka hovyo kazini mpaka msimamizi kaniuliza nimekunywa nini.

Mirriam kasema barua ilitosha, mihuri haikuwa na kazi. Wenzangu hawamwamini. Betty na Lillian, Waganda wa zamu yangu, na wengine saba, hawakuwahi kudai nafuu hii kwa kuogopa fomu. Sasa wanasema siri ni muhuri wa Dubai. Kudai kwa kuchelewa kunaruhusiwa, nimeuliza. Fomu tisa hizo. Wanakutegemea.

Shangazi yako,
Kuruthum

Bur Dubai, 11 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo, na hongera ya meno. Tuko salama.

Fomu zote tisa nimezijaza kwa siku nne. Mwambie Betty, katika maelezo yake ametaja mwana wa miaka mitatu nyumbani, kwa nini hakumwandika penye watoto? Atapata zaidi. Wengine wote wanastahili. Nimehakikisha mara tano.

Arbab alisikia habari. Akaja mezani kwangu na muhuri mkononi, amekwisha kuupaka wino. "Yalla, lete hizo karatasi, tuwasaidie masikini."

Nikasema, "Hapana, arbab."

Sauti ilitoka ndogo. Ikabidi nirudie.

Mwanao,
Zayd