Nilimfuata Minza Bondeni

Jumapili, jua bado lipo. Upepo wa huku una unyevu, kitenge nilichofua asubuhi hakijakauka mpaka sasa.

Miguu inauma hadi kwenye nyayo, lakini moyo umetulia. Naandika upesi kabla haujaanza tena kuhangaika, maana naujua.

Kwanza niseme ukweli. Sikuja Lindi kutembea. Nilikuja kumrudisha Minza, binti yangu, nyumbani Bariadi. Tangu apangiwe kufundisha kwenye hili bonde la pwani lisilo na barabara, sijapata usingizi wa kushiba. Baba yake aliuza pamba akanipa nauli, akasema, "Usije bila yeye."

Jana Minza alinipokea mwisho wa barabara. Kuanzia pale ni miguu tu, vilima juu ya vilima. Kutembea natembea, lakini kwetu ni tambarare, na mzigo hukaa kichwani. Hapa nilikuwa na begi la mgongoni la mtumba, nimelishindilia michembe, viazi vyetu vya kukausha, na karanga. Likanivuta nyuma kama ndama anayekataa kamba. Kilima cha pili nikalivua, nikajitwika.

"Mayu, hilo lina mikanda," Minza akacheka.

"Mikanda ni ya wenye migongo," nikamjibu. Hapo tukaenda vizuri.

Njia nzima alinihimiza: tuwahi mto, maji yatajaa. Nikitazama juu, mbingu nyeupe, hakuna wingu hata kule vilimani. Kwetu mto hujaa mvua ikinyesha huko unakotokea. Nikamwambia, "Ng'wanawane, unaogopa maji gani na mvua hakuna?" Nikakaa kivulini, nikavua viatu, nikala karanga zangu taratibu. Hajazoea kubishana na mimi, na mimi nikalitumia hilo.

Tulipofika, mto ulikuwa mchanga mtupu na mkondo mwembamba katikati. Maji yetu ya kunywa yalikuwa yameisha. Minza akatangulia kutafuta pa kuvukia. Mimi nikafanya kama tufanyavyo mto wa kwetu ukikauka, nikapiga magoti nikachimba mchanga kwa mikono. Maji yakatoka, meupe, mazuri. Nikapiga funda.

Chumvi tupu.

Nilipoinua macho, mkondo haukuwa mwembamba tena. Maji yalikuwa yanapanda kutoka baharini, yanaelekea juu. Mto unarudi ulikotoka. Sijawahi kuona.

Nikawaza, basi, nimemponza mwanangu kwa ubishi wangu.

Ng'ambo akatokea mwanamke wa rika langu. Alifunga kanga yake juu, akaingia kwenye maji ya mapaja bila kuuliza sisi ni nani. Akajitwika begi langu, akanishika mkono kwa nguvu, huku anamfokea Minza.

"Mwalimu, saa ya maji huijui? Ungekuwa peke yako ningekuacha ulale na kaa. Na tangu asubuhi hujala, midomo inakusema."

"Nisamehe, Bi Somoe," Minza akasema, kichwa chini. Vile vile anavyoniinamia mimi.

Hakusema kosa ni la mama yake. Na mimi sikusema.

Ng'ambo Bi Somoe akatupa maji ya mtungini. Nilitaka kumshukuru vizuri, Kiswahili chote kikanipotea, nikabaki "wabeja, wabeja". Akaitikia tu kama anayeelewa.

Leo asubuhi aibu imenishinda. Nimeenda kwake nikamwambia, mwenye kuchelewesha nilikuwa mimi. Akaendelea kukuna nazi. "Nilijua," akasema. "Mwalimu wetu hachelewi maji. Lakini nisipomfokea atazoea."

Nimerudi hapa nikakaa mlangoni nikalia kidogo. Minza hajaniona, alikuwa anasahihisha madaftari.

Miezi yote hii nilijidanganya kwamba naogopa nyoka na homa. Nilichokuwa naogopa ni mwanangu kukaa mahali ambapo hakuna wa kuona kwamba hajala.

Asante Mungu. Asante Bi Somoe, hata kama hutasoma hapa.

Kesho nitapanda kilimani kwenye mtandao nimpigie baba yake. Atafoka. Nitamwacha amalize, kisha nimwambie taratibu kwamba narudi peke yangu.