Nembo ya Akina Greenwood

Bergen, 3 Machi 1974

Mpendwa Enid,

Leo natimiza miaka ishirini na minane ugenini huku Norwe. Natumai kifua kimekuachia. Mimi mzima, isipokuwa goti. Ukishasimamisha jiwe la kaburi la Baba nitarudi nyumbani Todmorden, tuzeeke pamoja kama tulivyopatana. Liandikwe alivyotaka mwenyewe: jina lake, na chini yake "Mfumaji". Mtu aliyekubali jela wakati wa vita, mwaka 1916, kuliko kushika bunduki hahitaji pambo.

Kaka yako, Edwin

Todmorden, 20 Aprili 1974

Kaka Edwin,

Salamu nyingi. Kifua kimetulia, goti lako lifunge kitambaa cha flana, usijifanye kijana.

Jiwe limesimama. Nilisaidiwa na chama cha akina Greenwood. Wana kitabu cha watu mashuhuri wa jina letu: jaji, askofu, mcheza kriketi, jenerali. Mwenyekiti aliniambia, "Mama, jina moja, damu moja. Nembo ya jenerali ni yenu pia." Basi kwenye jiwe wamechonga nembo hiyo, ngao yenye upanga. "Mfumaji" halikupata nafasi.

Jirani yangu Mabel, aliyezoea kuniita binti wa mwoga hata kwenye foleni ya mkate, alilitazama akasema, "Kumbe nyinyi wakubwa hivyo, Enid? Na mapazia yale yaliyochakaa?" Nilicheka hadi nikalia.

Chumba chako nimekipaka rangi.

Mdogo wako, Enid

Bergen, 2 Mei 1974

Enid,

Natumai u mzima. Nembo ile alipewa mtu mmoja na uzao wake, si kila Greenwood, na bonde zima limejaa akina Greenwood. Kosa hilo wengi hulitundika sebuleni, wala si kitu. Lakini upanga, juu ya Baba? Mwambie mchongaji aufute.

Edwin

Todmorden, 30 Juni 1974

Kaka,

Sitaufuta. Wewe uliondoka. Aliyebaki akitemewa mate kwa ajili ya Baba ni mimi. Njoo unywe chai, tuyaache haya.

Enid

Bergen, 14 Julai 1974

Mpendwa Enid,

Afya yangu ni ile ile, yako naiombea.

Kuhusu mate unasema kweli, na sikulaumu kwa kuchoka. Ila ulimwahidi Baba neno lile moja ukiwa umemshika mkono, nami, niliyekuja kumuaga, nimesimama mlangoni. Alifunga macho akikuamini. Siwezi kupita pale kila Jumapili nikijifanya aliyelala chini ni wa ukoo wa jenerali.

Sitarudi.

Kaka yako, Edwin