Nuru Kabaki Mgane

Ernesti, ukiona hii nipigie. Nimefukuzwa nyumbani. Kwa neno moja.

Unaijua hadithi yangu ya mashairi, ile ya shujaa Fadhili na majoka ya Mto Pangani. Leo dada Nasima alikuwa akiwasomea wazee sehemu mpya. Fadhili anakufa, mpenzi wake Nuru anamlilia. Mama analia, hata baba kainama. Miezi yote hii walimdhani Nuru mwanamke.

Nasima akasoma: "Nuru kabaki mgane."

Mgane, Ernesti. Niliandika mgane.

Baba akainua kichwa. "Mwanamke aliyefiwa si mjane? Mgane ni mwanamume."

Mama akadakia, "Vina tu hivyo, baba Nasima. Mtoto kakosea."

Akanitazama niitikie, yaishe. Ningeitikia tu.

Nikasema, "Sijakosea, mama. Nuru ni mwanamume."

Baba akaniuliza taratibu, "Na wewe, kijana wangu, u kama wao?"

Mimi huyu, ninayemjibu kila mtu kwa beti, nikakosa hata neno moja. Wakaelewa.

Sasa niko uchochoroni hapa Ngamiani na begi langu. Baba hakuniinulia hata mkono. Aliyenitoa nje akatia komeo ni mama.